Zawadi za Idi kwa bibi na babu, nilikosea miaka miwili ndio nikaelewa

Naandika haya Idi ikiwa bado, manake nikingoja Ramadhani iingie nitakuwa nimechelewa na wewe pia utakuwa umechelewa. Kumi la mwisho pale Biashara Street, Mombasa, hata pa kukanyaga hapana, mafundi washafunga daftari zao hawapokei tena kitambaa cha mtu, na mwenye duka akikuona unahema na mifuko mkononi ajua wewe leo hutobishana bei.

Nazungumza kuhusu wazee waliomzaa mamangu. Wanakaa Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, nyumba ya zamani, wao wako juu na ngazi ni ya mbao, imesimama wima utadhani yataka kukuangukia. Babu ana miaka 81, alikuwa karani bandarini Kilindini mpaka akastaafu. Bibi kitambulisho chasema 1948 lakini mwenyewe ashaniambia mwaka huo uliandikwa tu kwa kukisia. Mimi nakaa Kisauni, nafanya kazi ofisi ya kutoa mizigo huko Changamwe, na nimelelewa na hawa wazee tangu darasa la pili mpaka la nane, kwa hivyo nikisema nawapenda si maneno ya mdomoni.

Idi ya Mei 2022 ndiyo ya kwanza nilikuwa na mshahara wangu mwenyewe, shilingi 34,000. Mtu akipata pesa ya kwanza akili yake yote iko kwa kuonyesha kuwa amepata. Nilitaka bibi akae na majirani aseme mjukuu wangu kaniletea. Nikamnunulia babu simu ya tachi ya 12,500, bibi leso doti tatu, 1,950 zote, halua kilo mbili 1,200, na marashi na udi wa 2,600. Jumla 18,250. Kodi ya mwezi ule nililipa kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na sikumwambia mtu.

Nianze na simu. Vidole vya babu vimekauka, ngozi ngumu, akigusa kioo hakisikii, akigusa tena kwa nguvu inafungua kitu kingine. Kupokea simu lazima uburute kile kiduara, yeye anakibonyeza tu, inalia mpaka inakatika, halafu anayepiga anaanza kuingiwa na wasiwasi kuwa mzee amepatwa na jambo. Baada ya miezi mitatu nilipokwenda nikauliza simu iko wapi, bibi akaniambia, "Iko kabatini, kaiweka vizuri isiharibike." Ilikuwa ndani ya boksi lake na ile nailoni ya kioo haijatolewa. Na siku niliyompa alinipokea kwa mikono miwili akaniambia, "Ahsante mke wangu, Mungu akuzidishie." Hapo ndipo nilipojifunza kuwa mzee kukushukuru si dalili kuwa kitu kimemfaa. Wazee wetu wamefunzwa kupokea kwa adabu. Ukitaka kujua, rudi baada ya miezi miwili uangalie kile kitu kiko wapi, kama kimechakaa basi kilifaa, kama king'aavyo ndivyo kilivyotoka dukani jua ulijinunulia wewe.

Mwishowe nilimletea kabambe ya 1,800, vibonye vikubwa, ina tochi juu, nikamwekea namba ya mama kwenye 2, yangu kwenye 3, ya mjomba kwenye 4. Tochi ile anaitumia kuliko kupiga simu, akiamka usiku kwenda chooni ndiyo taa yake stima ikiwa imepotea. Ile ya tachi mpwa wangu anaitumia shule.

Sasa halua. Hii naisema kwa uzito wake kwa sababu bado yaniuma. Babu ana sukari tangu 2015 na mimi nilijua. Nikajiambia ni Idi, ataonja kidogo. Lakini Idi ya Mji wa Kale si siku moja, wageni wanapanda ngazi ile siku tatu, na kila mgeni akija kahawa chungu inamiminwa na sahani ya halua inasogezwa, na mwenye nyumba hawezi kukaa akiangalia wenziwe wala, kwa hivyo atachukua kipande. Kipande kwa kila mgeni. Halua ni sukari, wanga na samli, hakuna kingine cha maana ndani yake isipokuwa iliki na harufu nzuri. Siku ya tatu usiku akawa anakunywa maji hayamtoshi, anakwenda chooni kila mara, mara akaanza kusema maneno hayaeleweki. Vijana wanne walimteremsha amekaa kwenye kiti, ngazi ile, usiku, mimi niko nyuma nimeshika viatu vyake sijui hata kwa nini nilivishika. Kipimo cha sukari kilisoma 23, juu kupita kiasi. Tulimaliza siku mbili hospitali na bili ya 9,400. Bibi alinitazama mara moja tu pale kitandani, hakusema kitu, na wallahi afadhali angenigombeza.

Kwa hivyo kama mzee wako ana sukari usipeleke kitu kitamu nyumbani kwake kwa wingi ukategemea yeye ajizuie, kilicho nyumbani kitaliwa. Na usidanganywe na wale wanaosema peleka tende au asali kwa vile ni vya asili, sukari ni sukari, mwilini inahesabika vilevile. Sisi siku hizi halua ya wageni inakuja kidogo kidogo, robo kilo asubuhi, ikiisha imeisha, na babu yuko na sahani yake ya karanga za kukaanga zisizo chumvi nyingi kwa sababu presha nayo iko.

La leso ni aibu ya aina nyingine. Nilikuwa nimechoka, duka limejaa, nikachagua rangi. Sikusoma jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Mtu wa Mombasa kununua leso bila kusoma jina ni sawa na kutia sahihi karatasi hujaisoma, najua, ila ndivyo nilivyofanya. Siku ya Idi bibi macho hayaoni vizuri akampa jirani yake amsomee, watu wamejaa ukumbini, yule mama akasoma kwa sauti: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Ukumbi ukanyamaza. Bibi akaikunja leso polepole akaiweka chini ya paja. Mwezi uliotangulia kulikuwa na maneno kidogo kati yake na mama kuhusu nani anamhudumia, kwa hivyo alidhani mimi nimetumwa, kwamba nimemjibu kwa leso. Ilinichukua safari tatu kumwelewesha kuwa nilipenda tu lile ua la njano. Sasa fikiria, doti moja ya 650 ilitaka kuvunja udugu.

Ya pili kuhusu leso, hakuna anayekuambia hili: doti huuzwa haijakatwa. Vipande viwili vimeungana na ncha hazijapindwa. Wewe kijana unaona ni jambo dogo lakini mzee asiyeona uzi kwenye sindano ataiweka tu. Nilikuta mbili kati ya zile tatu ziko vilevile mwaka mzima. Ikatwe, ipindwe kwa fundi, ifuliwe mara moja itoke ile wanga ya dukani inayoifanya iwe kavu kama karatasi, ndio umpelekee. Fundi ananitoza 100. Halafu angalia ni pamba tupu, manake leso ya mzee si pambo, atajifunga nayo, atajifuta jasho, ataswali nayo, atalala nayo. Bibi siku zote yeye ni mtu wa kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, ya zamani, na zile za chapa ya Mali ya Abdulla ndizo anazoziamini, akishika tu anajua. Kisutu kina faida nyingine kwa muoga kama nilivyokuwa mimi, kile cha asili hakina jina, hakimsemi mtu.

Basi 2023 nikaja na akili mpya. Nikasema sitaki mapambo, mwaka huu nanunua vya maana. Mashine ya kupimia sukari 2,800, mashine ya presha 3,200, mkongojo wa chuma 1,500. Vyote nimevifunga kwenye karatasi ya zawadi na utepe. Babu akafungua mbele ya wajukuu, moja, mbili, tatu. Kisha akaviweka kando akasema kwa sauti ya chini, "Mwaka huu mmeniletea hospitali nyumbani." Akaomba ateremshiwe feni.

Nilikasirika moyoni, nisiwe mwongo. Nikaona hana shukrani, mwaka jana nusura afe na mwaka huu nimejikaza nimemletea kinga bado ananuna. Ilinichukua muda kuona alichokiona yeye. Mtu amevaa kanzu, ametiwa marashi, anasubiri watu wamwamkie, ni siku moja kwa mwaka ambayo si mgonjwa, na mimi nimekuja kumkumbusha ugonjwa wake kwa utepe. Vitu vile alivihitaji, na vingine vinamsaidia mpaka leo. Lakini vya afya havipelekwi Idi. Vipeleke Jumanne ya kawaida, uingie navyo kama ulivyoingia na sabuni, bila karatasi, bila watu.

Na ukinunua mashine ya sukari jua umenunua pia vijiti vyake, kila mwezi. Vile kumi vilivyokuja nayo viliisha haraka, akawa hapimi na hasemi, mimi nadhani anapima. Sasa nimeweka kwenye bajeti yangu, namnunulia boksi la hamsini. Ile ya presha nilinunua ya kufunga kwenye kifundo cha mkono kwa sababu ni ndogo na rahisi, kliniki wakaniambia ya kufunga mkono wa juu ndiyo ya kutegemewa zaidi, hiyo ya kifundo ukikosea kidogo kuuweka mkono usawa wa moyo yatoa namba nyingine kabisa. 3,200 zikaenda hivyo. Uliza kliniki anakohudhuria mzee wako kabla hujalipa.

Lakini jambo lililonifanya niandike haya lilitokea Idi hiyohiyo ya 2023, jioni. Watoto wa mtaa wanapita nyumba kwa nyumba, wananukia mafuta, wanapanda ile ngazi mbio, "Bibi, mkono wa Idi! Bibi, mkono wa Idi!" Nikamsikia babu akiwaambia bibi amelala. Nikashangaa kwa sababu dakika mbili nyuma nilikuwa nazungumza naye. Nikaingia ndani. Amekaa kitandani, amevaa, macho wazi, fundo la leso liko mkononi limefunguliwa na halina kitu. Alikuwa na sarafu za ishirini ishirini, ziliisha kwa watoto wa kwanza, akaona bora ajifiche kuliko kumwambia mtoto sina.

Nikakaa karibu naye. Akaniambia, "Zamani mimi nakaa pale mlangoni tangu alfajiri, hapiti mtoto mkono mtupu. Hata wa watu nisiowajua. Sasa mwanangu, nimekuwa wa kupokea tu. Kila ajaye aniletea. Mimi nampa nani?"

Nilitoka nikalia pale kwenye kona ya ngazi. Manake miaka miwili yote nilikuwa nawaza niwape nini, sikuwaza hata siku moja kuwa wao wanataka kutoa. Pesa ya Inua Jamii, ile 2,000 kwa mwezi ya serikali kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu, na pensheni ndogo ya babu, zote zaishia kwa dawa, maji na gesi. Kinachokatwa kwanza ni kile ambacho hakuna anayekihesabu kuwa ni hitaji, nacho ni kile cha kumfanya mtu ajisikie bado ni mkubwa wa nyumba.

Kwa hivyo 2024 nilianza mwezi wa Shaaban, ule unaotangulia Ramadhani. Nikaenda kulala kwao siku mbili, si kutembelea, kulala, nikaamka nao alfajiri nikawaangalia siku yao yote ilivyo. Hili nakuomba ulifanye kabla ya kununua chochote. Nilikaa nikaona redio yao imefungwa kwa raba ya ndara ili betri zisidondoke, na bibi anaishikilia kwa mkono akitaka kusikiliza mawaidha ya Radio Rahma. Niliona babu kofia yake ya viua, ile ya kushonwa kwa mkono aliyoipata ujanani, imekuwa ya manjano na imelegea, lakini hataki nyingine. Niliona kanzu zake zamfika mpaka kwenye unyayo na kila akishuka ngazi inabidi aikamate kwa mkono uleule ambao ungeshika ukuta. Na nilijua, kitu ambacho hakuna aliyewahi kunitajia, kuwa Idi mbili hajakwenda uwanjani kuswali.

Kuuliza pia kuna namna. Ukimuuliza mzee "wataka nikuletee nini" atakujibu hataki kitu, anataka uzima wenu tu. Hilo jibu tumepewa sote. Mimi nilimuuliza babu, "Idi zenu zilikuwa vipi hapa nyumbani, mulikuwa mwafanya nini?" Akazungumza mpaka adhana ya isha. Vipi usiku wa kuamkia Idi alikuwa akipima mchele wa fitri, ile zaka ya kumaliza Ramadhani, kwa mkono wake mwenyewe, pishi kwa kila kichwa cha nyumba, na kuupeleka kwa watu aliowajua hawana, bila ya mtu kumuona. Vipi walitembea kwa miguu kwenda kuswali na kurudi kwa njia nyingine. Bibi akawa anadakia kutoka jikoni. Katika maneno yale zawadi zote zilikuwemo, kazi yangu ilikuwa kusikiliza tu.

Noti ndizo zilikuwa kazi. Nilitaka noti mpya za hamsini, si M-Pesa, manake mtoto wa miaka sita anataka karatasi inayokwaruza mkononi. Nilikwenda benki wiki mbili kabla, nikaomba bunda zima, noti mia moja, 5,000. Ukienda siku mbili za mwisho utaambiwa zimeisha kwa sababu mji mzima una fikra hiyo. Na noti hizi za tangu 2019 zina alama zinazopapasika kwa kidole, bibi kwa macho yake yale anaitambua hamsini kwa kuishika, sikulijua hilo mpaka nilipomuona.

Lakini namna ya kuzitoa ndiyo muhimu zaidi kuliko noti zenyewe. Sikumpa mbele ya watu. Niliziweka ndani ya kisutu, kimekatwa na kimepindwa, nikampelekea usiku wa kuamkia Idi amekaa peke yake nikamwambia, bibi hizi ni zako. Sikumwambia za watoto. Kama ningemwambia "hizi ugawe" ningemfanya mtumishi wangu wa kugawa pesa zangu. Alizipapasa, akaelewa, akanibusu paji la uso. Asubuhi alikuwa amekaa pale mlangoni kwenye kigoda chake kabla hata hatujaamka.

Babu nilimpelekea mchele mapema, siku ya 27 ya Ramadhani, kilo kumi, nikamwambia ni wake. Mwenyewe akatafuta kile kibaba chake cha zamani akapima. Yeye, bibi na yule mpwa wangu anayekaa nao, vichwa vitatu, na uliobaki akatoa sadaka. Ukipeleka umechelewa, Idi imeshaswaliwa, umemnyima, kwa sababu fitri yatoka kabla ya swala. Hili ni la wakati, si la pesa.

Kofia hatukununua, tulimpelekea mtu anayejua kuzifua na kuzipiga wanga, 200, ikarudi nyeupe imesimama. Aliishika kwa muda mrefu sana. Kofia mpya ya mkono ni maelfu na yashonwa kwa miezi, na hata ningekuwa nazo asingeivaa, hii anayo historia nayo. Kanzu zake mbili nilizipeleka kwa fundi zikapunguzwa zikafika juu ya kifundo cha mguu, hiyo fundi hakunitoza, alisema dua ya mzee yatosha. Redio mpya 1,500, ya betri na umeme, yenye kitufe cha kuzungusha.

Na tuktuk. Nilimweka dereva ninayemjua, 600 kwenda, kungoja na kurudi. Hapa chukua tahadhari, asubuhi ya Idi njia za kuelekea uwanja wa Ronald Ngala zajaa, ukisema utapata tuktuk barabarani utamwacha mzee amesimama juani. Tulishuka ngazi saa kumi na mbili na robo, polepole, vijana wawili mbele yake na mmoja nyuma. Alikula tende moja kabla ya kutoka, ile sunna hakutaka kuiacha, tukakubaliana moja badala ya tatu. Tulibeba kiti cha plastiki, maji, na dawa zake mfukoni kwa mjukuu wa kiume ambaye ndiye aliyeketi naye, mimi nilikuwa upande wa wanawake. Nilihadithiwa kuwa kuna mzee mwenziwe aliyekuwa naye bandarini walionana baada ya miaka, wakashikana mikono hawakuachana mpaka hotuba ilipoisha.

Mwaka huo nilitumia 9,950, karibu nusu ya 2022, na hakuna hata kimoja kilichowekwa kabatini.

Mjomba wangu hakupenda. Alinipigia akaniambia wazee wana shida ya dawa na wewe unampa bibi pesa za kugawia watoto wa mtaa, ni kutupa pesa. Nimelifikiria sana na bado nakataa. Dawa ni wajibu wetu, na zinunuliwe mwaka mzima, na bima yao ya afya, SHA, tumegawana sisi wajukuu tunailipa. Hiyo si zawadi. Ukimpa mzee dawa ukaiita zawadi ya Idi umemdhulumu mara mbili. Ila namkubalia mjomba jambo moja, mambo haya yapangwe pamoja. Kabla hatujawa na grupu la familia, Idi moja walipata mablanketi matatu, Mombasa, kwa joto hili, na hakuna aliyeleta mafuta ya taa ya chemli ilhali stima ilipotea usiku ule.

2025 Idi iliangukia mwisho wa Machi, mishahara ya wengi haijaingia, na kila mwaka yawahi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hivyo usitegemee tarehe ya mshahara. Mimi naweka 900 kila mwezi mahali nisipopagusa. Ikifika Shaaban pesa ipo.

Bado kuna ninalopigania, chuma cha kushikia chooni. Babu amekataa mara mbili, anasema si mlemavu. Bibi alipoteleza mwaka jana, hakuumia alhamdulillahi, ndipo babu akanyamaza, nikachukua kunyamaza kuwa ni ruhusa. Fundi wa kwanza alitoboa ukuta akatia skrubu za kawaida, nikaning'inia kujaribu, ikang'oka na vumbi jeupe. Nyumba hizi za zamani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hazishiki skrubu kama ukuta wa bloku. Ikabidi aje mwingine apitishe bolti ndefu mpaka upande wa pili na bamba la chuma nyuma. 2,600 na siku nzima. Kama wazee wako wako nyumba za namna hii tafuta fundi aliyezizoea, na ujaribu kwa uzito wako wewe kabla ya wao kuugusa. Kile kingine nilichotoa ni ule mkeka mdogo wa plastiki uliokuwa mlangoni mwa choo, ndio ulioteleza, na ni mimi niliyeuleta, 2021, nikidhani unapendeza. Chuma cha upande wa babu bado hatujaafikiana.

Wiki iliyopita nilikwenda na samaki. Bibi akaniita ndani, akafunga mlango, akaniambia nisisahau kwenda benki mapema, na kwamba mwaka huu bunda moja halitoshi, kwa sababu kule Mtwapa wamezaliwa mapacha na huku chini kumehamia watu wenye watoto watano, naye ashawaahidi.